Kope Si Chuma

Fundi alikuwa na karakana ya milango na madirisha ya chuma. Alikata, akachomelea, akapaka rangi. Miwani ya kazi aliivaa akikumbuka, na hakukumbuka mara nyingi.

Kwenye kope ya juu ya jicho lake la kulia paliota kinundu cheupe, kigumu kama punje ya mchele. Hakikuuma. Lakini kilikua polepole, na sasa kila akipepesa kilimkwaruza.

"Hicho ni kipande cha chuma," alisema Spana, fundi mwenzake. Spana ndiye aliyekuwa akiwatoa wenzake vumbi la chuma machoni, kwa sumaku na njiti ya kiberiti. Akasogeza sumaku kwenye kope. Haikunasa kitu.

"Chuma chako kikaidi, bwana. Ngoja nilete wembe, nipasue kidogo tu."

Fundi akaketi, akalaza kichwa nyuma. Hapo akaingia shemeji yake, dada wa mkewe, muuguzi wa kliniki ya macho.

"We Spana! Weka huo wembe chini!"

"Shemeji, ni kazi ya dakika moja," fundi alisema.

"Na kupofuka ni dakika moja vilevile. Unataka dada yangu akuongoze kwa kamba kama mbuzi?"

Spana alicheka. Fundi hakucheka. Bila jicho lile, kazi yake ingekwisha.

Kesho yake alikwenda kliniki. Daktari alimpima macho, akamchoma sindano ya ganzi, akakitoa kinundu na kushona. Kinundu kilipelekwa maabara. Damu pia ilipimwa.

Majibu yalipotoka, shemeji alimweleza.

"Si chuma. Ni kalsiamu, madini yaleyale yanayojenga mifupa na meno. Wakati mwingine hujikusanya kwenye ngozi, pengine palipowahi kuumia au kuvimba. Wakati mwingine sababu haijulikani."

"Basi niache maziwa?"

"Kunywa maziwa yako, hayana kosa. Damu tuliipima kwa sababu figo zikiwa mbovu, au kalsiamu ikizidi mwilini, vinundu hivi huweza kutokea. Damu yako ni salama."

"Na kama Spana angepasua?"

"Kope ni nyembamba, jicho liko chini yake papo hapo. Angeweza kulikata, au kukutia vijidudu. Tena tusingejua ni kitu gani. Kuna saratani huanza hivyohivyo, bila maumivu."

Nyuzi zilitolewa, likabaki kovu dogo. Fundi akapepesa bila kukwaruzwa.

Mwezi uliofuata kipande cha chuma kilimwingia Spana jichoni. Akatafuta kioo na njiti.

"Usiguse, wala usisugue," fundi alimwambia. "Twende kliniki."

"Kwa kitu kidogo hivi? Na kazi za wateja je?"

"Watasubiri."

Spana aligeuka abishe zaidi. Fundi alikuwa ameshazima mashine na kufunga mlango.