Alama ya Rangi ya Kucha

Kila jioni, baada ya kengele ya mwisho, Jicho alikuwa wa kwanza kupanda ngazi hadi kwenye paa la shule. Alifungua mlango kwa ufunguo wa mwalimu wa sayansi, kisha akaanza kukagua: miguu ya darubini, vumbi kwenye kioo, hata nyayo sakafuni. Jina hilo la Jicho hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na darasa zima, kwa kuwa hakuna kosa la mtu lililompita.

Wiki hiyo, jua likizama tu, nyota yenye mkia ilionekana juu ya mapaa. Kwa kweli si nyota, bali ni donge la barafu na vumbi. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba mwanga wa jua ukigonga vumbi hilo huanza kutikisika zaidi upande mmoja, kama kamba inayotikiswa. Ukijua unatikisika upande gani na kwa kiasi gani, unaweza kukisia kama vumbi ni laini kama unga au limeshikana mabonge.

Kazi ilikuwa ya wawili. Jicho alizungusha pete yenye kioo cha kuchuja mwanga, iliyovishwa kwenye darubini: kwanza alama nyeupe ya pete ikiwa juu, kisha ikiwa ubavuni. Rafiki yake Kimya, msichana asiye na maneno mengi, alisoma mshale wa kipima mwanga na kuandika kwa penseli. Jumamosi daftari lingepelekwa kwa wataalamu wa anga.

Kwa siku tatu za kwanza, namba ya ubavuni ilikuwa kubwa. Alhamisi mambo yakageuka juu chini: ikawa kubwa namba ya juu.

"Umesoma vizuri wewe?" Jicho akauliza.

"Nimesoma," Kimya alijibu, lakini akafuta, akaandika tena, akafunga daftari haraka.

Jicho alimtazama kwa pembe ya jicho. Mbona anafuta? Mbona analikumbatia daftari kama mtoto mchanga? "Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea, na asubuhi ya Ijumaa akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Mwalimu, Kimya anapika namba."

Mwalimu alivua miwani. "Hilo ni neno zito, mwanangu. Ikiwa ni kweli, atatoka kwenye kikundi, na kazi ya wiki nzima tutaitupa. Una ushahidi?"

"Nitauleta."

Kulikuwa na jambo moja dogo ambalo Jicho hakulitaja. Jumatano usiku, baada ya kupima, alikuwa amebeba ile pete nyumbani kuisafisha. Ikamponyoka, ikabingirika sakafuni, na alama nyeupe ikabanduka. Alipaka nyingine kwa rangi ya kucha ya dada yake. "Ilikuwa pale pale," alijiambia, na hakumwambia mtu. Alilisahau jambo hilo kabla rangi haijakauka.

Ijumaa hiyo, masomo yalipokwisha, alimfuata Kimya kwa mbali. Kimya alitembea upesi, daftari kwapani, akageuka nyuma mara mbili, kisha akapotelea kwenye mlango mwembamba wa duka la miwani. Jicho alishtuka. Duka lile lilikuwa la shangazi yake mwenyewe! Daftari linapelekwa huko kufanya nini? Akaingia kwa kishindo.

Kimya alikuwa kwenye kiti, amefunika jicho moja kwa kiganja, anasoma herufi ukutani. Daftari lilikuwa wazi mezani.

"Siku hizi salamu zinauzwa?" shangazi aliuliza.

"Shikamoo, shangazi," Jicho alisema, uso ukiwaka.

"Marahaba. Ngoja nimalize na mgonjwa wangu, ambaye wala si mgonjwa." Akamgeukia Kimya. "Macho yako ni mazima kabisa."

Kimya alianza kulia. "Basi kwa nini mshale unanidanganya? Jana nilisoma mara nne, nikafuta, nikasoma tena. Nilidhani naharibika macho, naharibu kazi ya wenzangu."

Jicho alilitazama daftari lililofutwafutwa. Mwenzake alikuwa amejishuku mwenyewe kabla ya kumshuku mtu mwingine.

"Hiyo pete uliyoniambia iko wapi?" shangazi akamuuliza Kimya. Jicho aliitoa kwenye mkoba.

Shangazi aliwasha taa, mng'ao ukatanda juu ya meza ya kioo. "Hivi ndivyo ninavyopima miwani ya madereva, ile ya kukata mng'ao. Pete ikiwa sawa, alama ikiwa juu, mng'ao huu unatakiwa kufifia." Aliuangalia kupitia kioo cha pete. Mng'ao ulibaki vile vile. Alipozungusha alama ikawa ubavuni, ukafifia. "Kioo kimezunguka ndani ya pete, robo duara kamili. Na hii ni rangi ya kucha. Nani kaipaka?"

Kimya alitazama bila kuelewa. Hakuna aliyeona siku ile pete ilipoanguka. Jicho angeweza kunyamaza, na Kimya angetoka kwenye kikundi.

"Mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliiangusha Jumatano, nikaficha. Halafu nikaenda kumchongea Kimya kwa mwalimu. Nisamehe, mwenzangu."

Kimya alifunga daftari. "Twende tumwambie mwalimu sasa hivi," alisema. "Nyota haitusubiri."

Mwalimu alisikiliza yote paani, huku shangazi akirekebisha kioo na kukikaza. Jioni hiyo namba ya ubavuni ikawa kubwa tena.

"Namba za Alhamisi hatuzitupi," mwalimu alisema. "Tutaandika kilichotokea, wataalamu wajue namna ya kuzisoma. Kuangusha pete ni ajali tu, Jicho. Kilichotaka kutuharibia kazi ni kuificha ajali hiyo."

"Na nyani haoni kundule," shangazi aliongeza. "Kagua wenzako, lakini anza na mkoba wako."

Jicho alichukua kalamu ya wino, akaandika kando ya namba za Alhamisi: *Pete ilianguka Jumatano. Niliiangusha mimi, kioo kikazunguka, nikapaka alama mpya bila kumwambia mtu.* Akampa Kimya daftari akague.

Kimya alisoma neno kwa neno, akamrudishia.

"Umesahau kuandika jina lako," alisema.