Debe la Dawa ya Pamba

Mwaka 1967 Célestin na mkewe Geneviève walikaa Bwera, karibu na mto Lhubiriha. Walikuwa wamekimbia vita Butembo na sufuria moja iliyotoboka. Katembo, mkulima wa pamba, ndiye aliyewapa mahali pa kujenga. Baadaye yeye na Célestin walichanjana, wakawa ndugu wa damu. Kila mmoja alikula buni ya kahawa yenye damu ya mwenzake, wakaapa kufichiana siri.

Asubuhi moja Geneviève alikuwa akisonga bundu, ugali wa muhogo. Célestin akaingia akihema.

"Watu wanatapika kule chini! Mutoto wa jirani Feresita, ule Mbambu, iko anatetemeka, mate inamutoka. Walikula samaki ya mto."

"Samaki ya nani?"

Célestin aliinama. Jana yake alikuwa amemwona Katembo akimimina dawa ya wadudu wa pamba mtoni. Samaki waliibuka matumbo juu, na Katembo akacheka: "Ndoana ni ya wajinga, ndugu yangu!" Kisha akawauzia majirani.

"Niliapa, Geneviève. Nikisema, damu ile itanivimbisha tumbo. Na akitufukuza, tutalala wapi?"

"Unaogopa tumbo yako! Na tumbo ya ule mutoto?"

Célestin akaenda kliniki. Oryem, mganga aliyetoka kaskazini, alikuwa amepiga magoti kando ya Mbambu.

"Wamekula sumu gani?" aliuliza Oryem. "Kila sumu na tiba yake. Nikikosea sindano, nitamwua."

"Muganga, kama mutu aliapa kuficha ndugu yake?"

Oryem alimtazama. "Mtoto akifa, ndugu yako ni muuaji. Akipona, ni mkosaji tu. Unataka ndugu yupi? Kimbia! Lete debe lenyewe, na karatasi yake."

Célestin alimkuta Katembo nyuma ya ghala.

"Leta debe ya dawa, twende."

"Msaliti! Ulikula damu yangu!"

"Nilikula. Ndiyo maana nimekuja kwako mbele ya kwenda kwa chifu. Mbambu anakufa, Katembo."

"Mbambu? Yule mdogo?"

Katembo aliingia ghalani. Halafu akafukua debe chini ya pamba kwa mikono yake. Wakakimbia wote wawili.

Oryem alisoma karatasi ya debe, akachoma sindano. Wagonjwa wote wanane walipona. Saa tisa Mbambu akaomba uji. Akapewa, akalia kuwa hauna sukari, na Feresita akacheka huku machozi yakimtoka.

Oryem akawaambia watu: "Dawa ya shamba isiingie mtoni kamwe. Samaki aliyekufa kwa sumu haliwi. Debe la dawa halichotewi maji, hata likioshwa mara kumi. Na mtu akila sumu, mleteni haraka pamoja na chombo chake. Msifiche!"

Katembo alijipeleka kwa chifu wa gombolola, tarafa yao, Célestin akiwa ubavuni mwake. Katembo alifungwa miezi sita. Célestin alimpelekea chakula na kupalilia pamba yake. Wapita njia walimtania: "Wee Mkongo, unamlimia muuaji?"

"Muuaji gani?" alijibu. "Mbambu ule, anawinda panzi."

Katembo alipotoka, alisimama katikati ya soko la Mpondwe.

"Mimi ndiye niliyetia sumu mtoni," alisema kwa sauti. "Kesho nitawafundisha vijana kusuka mitego ya samaki. Anayetaka, aje na fito zake."

Kesho yake walikuja arobaini. Feresita ndiye aliyetangulia, na mzigo wa fito kichwani.