Mate ya Baraka

Kibodi ilikuwa imelowa tena.

Mwongeli alipitisha kidole juu ya vitufe, akakinusa, kisha akajuta kukinusa. Hayakuwa maji. Maji hayavutiki kama uzi unapoinua kidole. Harufu ilikuwa ya mdomo wa mtu aliyelala na njaa, akaamka, asisukutue.

"Kavata!" aliita. "Ni wewe umetemea mate kompyuta ya baba?"

Mtoto alikuwa uani akimrushia kuku makombo ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa. "Si mimi, mama. Mimi niko huku tangu."

Na kweli alikuwa huko tangu. Mwongeli alichukua kitambaa akapangusa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limesimama juu ya vilima vya Mukuyuni, mlango uko wazi, na watu wakipita barabarani wakisalimiana. Si saa ambayo mtu hufikiria mabaya.

Kompyuta hiyo iliachwa na Mbaluka, mumewe. Aliinunua Mombasa, ikiwa imetumika, kwa mtu asiyemjua, akaipakata njia nzima hadi nyumbani kana kwamba ni mtoto. Mbaluka alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Ndani ya mashine hiyo alirekodi mazoezi, nyimbo alizotunga, na mwishoni, alipojua kwamba kifua chake hakitapona, bembelezi alizomwachia Kavata, ambaye wakati huo hakuwa ameanza kutembea. Simu yake iliibwa katika msongamano wa matanga. Kwa hiyo hapakuwa na mahali pengine duniani sauti ya Mbaluka ilipobaki. Kila siku baada ya kula, Mwongeli alimchezea binti yake wimbo mmoja, ili akue akijua baba yake alisikika vipi.

Lakini sasa nyimbo zilikuwa zimeanza kurefuka. Wimbo uliisha, ukabaki ukimya wenye unyevunyevu, halafu ikasikika sauti ya mtu anayemeza. Siku nyingine ulimi ulilamba midomo. Siku nyingine tena kulikuwa na kutafuna, polepole, kwa mdomo wazi, kitu laini kikigeuzwa kutoka shavu hili hadi lile. Mbaluka alikuwa mtu nadhifu. Hakuwahi kutafuna hivyo. Na lililomtia Mwongeli hofu zaidi ni kwamba kilichotafunwa hakikurudi. Mstari uliosema *uka kwitu*, njoo nyumbani kwetu, siku iliyofuata ulikosa neno moja, na mahali pa neno hilo pamebaki shimo linalochuruzika.

Akamwita Nuhu.

Nuhu alikuwa fundi wa kompyuta pale sokoni, kijana wa Mwingi, wa familia ya Waislamu waliotoka pwani miaka ya zamani. Alikuja na mkoba wake mgongoni, akawasha mashine, akasikiliza kidogo, akaguna.

"Ni virusi hii, mama Kavata. Inakula mafaili. Tutafanya bakapu, vitu vyako vyote viende kwa diski, halafu nifomati, niweke mfumo mpya. Itakuwa kama imetoka dukani leo."

"Na nyimbo hazitapotea?"

"Moja haitapotea."

"Sema hakuna itapotea. Ukisema moja naanza kujiuliza ni gani."

Nuhu alicheka. "Hakuna itapotea."

Mlangoni aliketi Wayua, mama yake Mbaluka na susu, yaani bibi, wa Kavata, ungo wa maharagwe mapajani. "Na hiyo harufu, kijana? Pia ni virusi?"

"Hiyo labda ni panya amefia ndani, Susu."

"Panya akifa ananuka panya. Hii inanuka meno."

Nuhu alifungua skrubu kwa bisibisi, akavuta kava. Kisha akabaki ameishika mkononi bila kuiweka chini.

Ndani hakukuwa na vumbi. Kulikuwa na utando, kama ule unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa yakasahaulika, ila huu ulikuwa na rangi ya ufizi. Ulifunika kila kitu, ukiwa na joto, ukitoa jasho. Kwenye feni zilikuwa zimejiviringa nywele ndefu za mvi. Na chini kabisa, pembeni, palikuwa na rundo la matonge madogo meupe, yaliyotafunwa na kutemwa na kutafunwa tena mpaka hayakuwa na umbo, mojawapo likiwa bado na alama za meno.

Nuhu alitoka mbio. Walimsikia akitapika karibu na ua. Aliporudi aliomba maji ya kusukutua, macho yake hayataki kukutana na ya mtu.

"Nisamehe, mama. Nimeona kompyuta za hoteli zikiwa na mende wengi mpaka unawafagia. Sijawahi kuona hii."

"Funika," Mwongeli alisema. "Funika tu, utoe nyimbo."

Alifunika. Akachomeka diski, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, na kadiri ulivyotambaa ndivyo kutafuna kulivyosikika katika spika bila mtu kucheza wimbo wowote, kukienda kwa kasi, kukikoroma kwa pua, kama mlaji mroho anayeona sahani inaondolewa. Mwongeli alisimama nyuma ya fundi, kanga mdomoni. Wayua aliacha kuchambua maharagwe.

"Zote zimetoka," Nuhu alisema hatimaye. "Nifute?"

"Futa."

Alipobonyeza, kilisikika kitu kama ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Halafu kimya. Harufu ilikata ghafla kana kwamba mtu amefunga mdomo. Nuhu alipothubutu kufungua kava, ndani palikuwa pakavu, vumbi la kawaida, nyaya za kawaida. Aliweka mfumo mpya, na skrini ikang'aa, tupu na safi. Wote watatu wakacheka kicheko cha watu waliopona aibu. Mwongeli akaenda kuinjika chai.

Ndipo Kavata akaingia kutoka uani.

Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Mate yalikuwa yakimtoka, si kama ya mtoto anayeota meno, bali mazito, ya rangi ya ufizi, yakining'inia kidevuni hadi kiunoni, yakikatika na kuanguka sakafuni na kuanza tena. Taya zake zilikuwa zikizunguka polepole, zikitafuna kitu ambacho hakikuwepo, na ile harufu, ya njaa na ya meno, ikaingia pamoja naye ikajaza nyumba. Kisha alisema. Alisema kwa sauti ya baba yake, lakini maneno yalikuwa yametolewa katika nyimbo, kila moja na mwendo wa wimbo lilikong'olewa, hili la juu, hili la chini, hili la kwaya nzima:

"Makao... yangu... mmeniondolea. Nali... karibishwa... mimi."

Mwongeli aliangusha sufuria. Alimkumbatia mtoto, na mate yakamchuruzikia shingoni yakiwa na joto la uji.

"Wooi, mwanangu! Nuhu, umefanya nini?"

"Sijui, mama. Sijui." Nuhu alikuwa tayari anatafuta namba kwenye simu. "Ngoja nipigie shangazi. Shangazi Tima, kule Mwingi. Watu humletea mambo kama haya."

Sauti ya mwanamke ilijaza chumba kutoka spika ya simu, ya mtu aliyezoea kuamshwa usingizini mchana. Nuhu alieleza. Tima alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlimwondolea kiti kabla hamjamwonyesha mlango," alisema. "Mgeni akinyang'anywa kiti, si atakaa kwa mtoto? Na huyo ni jini aliyekaribishwa, mwenyewe amesema. Aliingia na kile chombo, sawa, lakini jini la njiani halikai nyumba ya watu hivyo bila neno la mwenyeji. Nani alimkaribisha?"

"Hakuna mtu," Mwongeli alisema. "Sisi ni watu wa kanisa, shangazi."

"Sikuulizi kanisa. Nauliza nani."

Ungo ulitua sakafuni. Wayua alikuwa amesimama.

"Ni mate yangu," alisema.

Katika nchi hiyo bibi hubariki kwa mate. Mtoto akizaliwa, kijana akisafiri, kitu kipya kikiingia nyumbani, mzee hujikusanyia mate kidogo na kuyapuliza juu yake kama manyunyu, akitamka maneno ya heri. Wachungaji wengine hukataza, na watoto wao wenyewe huletwa kwa bibi mlango wa nyuma. Mbaluka alipofika na kompyuta, alimwambia mama yake, ibariki, Mwaitu, mama yangu, ndiyo itanilindia sauti. Naye akaipulizia mate, akaiambia kama alivyowaambia ng'ombe na maharusi: kaa hapa, kula hapa, shiba hapa.

"Nilidhani nabariki chombo," Wayua alisema.

"Ulibariki aliyekuwa ndani," Tima alijibu, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Na yeye ni mtiifu. Ameambiwa kula, anakula. Ni nani mwenye makosa hapo? Sasa sikilizeni. Nuhu, rudisha hizo nyimbo kwa kompyuta, arudi kwa kiti chake. Halafu huyo mama ayachukue mate yake. Ayalambe, yote. Asimeze hata tone. Aende akateme chooni, kwa shimo. Baadaye kompyuta iende hukohuko, na diski mchome."

"Na nyimbo?" Mwongeli aliuliza.

Tima alishusha sauti. "Dada, kila mahali hiyo sauti ipo, kiti kipo. Ameshaila. Akienda, anaenda nayo."

Mwongeli alimtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake. Taya zilizunguka. Jicho moja lilikuwa la Kavata, na lilikuwa likilia.

"Rudisha," alimwambia Nuhu.

Mstari wa kijani ulitambaa tena. Ulipofika nusu, mate ya mtoto yalipungua. Ulipokaribia mwisho kidevu chake kikakauka, akakohoa, akasema, "Mama, mdomo wangu unanuka," kwa sauti yake ndogo mwenyewe. Na wakati huohuo kibodi ikaanza kutoa unyevu katikati ya vitufe, kwanza jasho, kisha matone, kisha ule uzi mzito ukishuka ukingoni mwa meza.

Wayua alifungua kitambaa cha kichwa, akakiweka kitini. Akapiga magoti. Alikuwa mwanamke ambaye hakunywea kikombe cha mtu, aliyebeba kijiko chake mwenyewe kwenye harusi. Aliinamisha uso juu ya kibodi akaweka ulimi, na mara ya kwanza mwili mzima ulimruka, matapishi yakampanda, akayarudisha, akaendelea, akilamba vitufe mstari kwa mstari, halafu meza, halafu upande wa kava ambapo utando ulikuwa umeanza kutokeza kwenye matundu, na kadiri alivyolamba ndivyo mashavu yake yalivyovimba, yakavimba kupita mate yoyote ambayo mdomo wa mtu unaweza kubeba, yakang'aa kama ngozi ya jipu, na unywele mmoja wa mvi ukabaki nje ya midomo yake ukijipinda wenyewe, mpaka kibodi ikawa kavu na mashine ikazimika, naye akainuka, mikono yote miwili mdomoni, akatoka nje kuelekea chooni.

Mwongeli alimfuata kwa mbali, Kavata mgongoni. Choo kilikuwa mwisho wa kiwanja, nyuma ya migomba. Wayua alifika mlangoni, akaweka mkono kwenye ubao. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya midomo iliyofungwa, ndogo, imebanwa.

"Mwaitu."

Wayua alisimama.

"Mwaitu. Kuko giza humu."

Hakuimba. Hayakuwa maneno ya nyimbo. Ilikuwa sauti ya Mbaluka kama alivyoita kutoka kitandani zile siku za mwisho, alipotaka mtu amgeuze.

"Tema!" Mwongeli alipiga kelele. "Si yeye! Tema, Mwaitu, tema!"

Bibi aligeuka akamtazama mkaza mwanawe. Machozi yalikuwa yakishuka juu ya mashavu yale yaliyovimba. Kisha koo lake likapanda, likashuka, likapanda tena kwa shida kubwa, kama la nyoka aliyemeza kitu chenye mifupa, na mashavu yakanywea.

Alipangusa midomo kwa kiganja. "Imeisha," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Akarudi kwenye maharagwe.

Walichoma diski. Kompyuta ilitupwa chooni ikazama katika vitu vilivyomo. Nuhu hakurudi tena nyumba hiyo, wala hakumwambia shangazi yake mwisho ulivyokuwa. Labda Tima angejua la kufanya, labda alijua bila kuambiwa. Mtoto alinawiri. Kanisani watu walianza kuacha nafasi katika benchi la Wayua, wakisema uzee una harufu yake, na wanawake wawili wakamwombea meno. Ni rahisi kusema alichokifanya kilikuwa kibaya. Waliozika mtoto husema polepole zaidi.

Mwongeli alishikilia hasira yake kwa muda mrefu. Alipika, akapeleka sahani hadi mlango wa nyumba ndogo ya mkwe wake, akaiweka chini, akaondoka haraka akiwa ameziba pua. Kisha siku moja alichelewa kuondoka, akasikia.

Tangu hapo, baada ya chakula cha mchana, humtuma Kavata kwa jirani. Hujaza sahani, huongeza nyingine, kwa maana siku hizi bibi hula sana. Huingia, hufunga mlango, huketi kwenye kigoda mbele ya Wayua katika ile harufu inayoshika nguo, na husubiri amalize kutafuna.

"Mwaitu," husema kwa kunong'ona, "mwambie leo aimbe ule wa mtoto."

Wayua hulamba midomo. Huufungua mdomo, mpana kuliko zamani, mwekundu hadi kooni, na bila ulimi kutikisika sauti ya Mbaluka hupanda kutoka tumboni mwake, nzima, tamu, isiyokosa neno hata moja. Manyunyu yenye joto humwangukia Mwongeli usoni, kwenye kope, kwenye midomo.

Hapangusi. Husogeza kigoda karibu zaidi.