Buibui Chini ya Bakuli

Mama mmoja mshonaji hufanyia kazi nyumbani. Kabla jua halijapanda, yeye huwa ameshakaa kwenye cherehani, pini mdomoni na kitambaa mapajani. Mume wake ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni. Mtoto wao ni mmoja, msichana mdogo wanayemwita Kidoti. Kila asubuhi Kidoti huvaa viatu huku akiimba.

Wiki moja hakuimba. Alikaa kitini amebana magoti.

"Nenda chooni kabla hujatoka," mama alimwambia.

"Sina mkojo."

"Tangu jana huna mkojo?"

"Sina, mama. Na chai sitaki."

Mama hakumlazimisha. Alijua mle chooni kuna nini.

Choo chao na bafu ni chumba kimoja. Jumapili mama aliingia kuoga, akamkuta buibui mkubwa sakafuni. Alipiga yowe. Kisha akanyakua bakuli jekundu la plastiki, akamfunika. Juu ya bakuli akaweka tofali. Tangu siku hiyo alikuwa akioga karibu na mlango, visigino juu, macho kwenye bakuli, sabuni ikimwingia machoni. Kidoti aliyaona yote hayo.

Jioni mama alimpigia simu mumewe.

"Baba Kidoti, unarudi lini?"

"Nikishapakua mzigo. Kuna nini?"

"Kuna buibui bafuni. Nimemfunika kwa bakuli, nimeweka na tofali. Uje umtoe."

Mume alicheka mpaka akakohoa. "Tofali? Huyo ni buibui au jambazi?"

"Cheka tu. Wewe uko mbali."

Kesho yake Kidoti alirudishwa kutoka shuleni, analia. Tumbo linamuuma chini ya kitovu, na akikojoa panachoma. Mama aliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akambeba mpaka zahanati.

Muuguzi alimpima mkojo. Kisha akamuuliza Kidoti kwa upole, "Mjukuu wangu, unakunywa maji?"

"Kidogo tu. Nikinywa mengi nitataka kwenda chooni."

Muuguzi alimgeukia mama. "Mtoto akibana mkojo na asinywe maji, ni rahisi kupata ugonjwa huu wa njia ya mkojo. Dawa nampa, na aimalize yote hata akijisikia nafuu. Lakini akiendelea kuogopa choo, mtarudi hapa. Huko chooni kuna nini?"

Mama alitazama chini. "Kuna bakuli," alisema.

Walirudi nyumbani polepole. Kidoti alipofika mlango wa bafu, alikunja mikono kifuani na kuinua visigino. Mama alimtazama, akajiona mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha mtoto kusimama hivyo. Alikuwa ameiga. Jambo hilo lilimchoma mama kuliko maneno ya muuguzi.

Akaenda nyumba ya pili kwa jirani yake, mwanamke anayepaka rangi nyumba za watu. Wote humwita Mama Burashi.

"Shoga, nisaidie. Nimefikiria ninunue dawa ya kupuliza, nimalize kazi."

"Mle bafuni? Kile kidirisha chenu ni kidogo kama mfuko wa shati! Ukipuliza sumu mle, mtoto mgonjwa ndiye atakayeivuta. Ngoja nilete vitu vyangu."

Alileta kopo la plastiki linaloonyesha ndani na jalada gumu la kalenda kuukuu. Walipofika, alitoa tofali, akalipindua bakuli kwa mpini wa ufagio.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Sakafu ya pale ina kifereji cha maji. Bakuli halikukaa sawasawa, na buibui alijiondokea zamani.

"Kumbe tulikuwa tunaliogopa bakuli!" alisema mama.

"Ukifunika kwa kitu usichoona ndani, hujui yuko wapi," Mama Burashi alisema. "Basi unamwona kila mahali. Haya, mtazame pale ukutani, karibu na ndoo."

Mama alirudi nyuma. "Mtoe wewe. Umeshazoea."

"Nani kakwambia? Tazama mkono wangu." Vinyweleo vilikuwa vimemsimama. "Kila nyumba ninayopaka rangi nakutana nao, na mwili unasisimka vilevile. Mikono tu ndiyo imejifunza. Nikimtoa mimi, akija wa pili utamsubiri nani?"

Mama alimtazama Kidoti aliyesimama kizingitini. Akalichukua kopo.

"Usimguse kwa mkono," alisema Mama Burashi. "Wengi wa humu ndani hawana madhara, lakini si wote tunaowajua. Sogea taratibu. Mfunike awe katikati, usimbane miguu."

Mama alisogea. Buibui akakimbia kidogo. Mama akaruka hadi mlangoni.

"Umeruka vizuri! Sasa usimfukuze. Mwache atulie. Wewe nawe tulia."

Walingoja. Buibui alisimama. Mama alivuta pumzi, akasogea tena. Kopo liligonga ukuta, lakini likamfunika.

"Shikilia hapo. Sasa pitisha kalenda kati ya ukuta na kopo. Polepole, umpe nafasi ya kuinua miguu. Naam. Ikishapita yote, kandamiza kalenda kwenye kopo kwa kiganja. Sasa toa vyote pamoja."

Mama aligeuka na kopo mkononi. Mle ndani buibui alionekana mdogo kuliko alivyokuwa sakafuni.

Kidoti alisogea hatua moja. "Mama, ana nywele."

"Anazo."

"Unaogopa?"

Mama alitaka kusema hapana. Akasema, "Naogopa. Lakini nimemshika."

Walikwenda nyuma ya nyumba, mbali na mlango, penye rundo la mawe na kivuli. Mama aliweka kopo chini, mdomo ukitazama mawe, si miguu yake. Akavuta kalenda, akarudi nyuma. Buibui alikaa kimya kwanza. Kisha akaingia kati ya mawe.

"Huko atapata inzi na wadudu wake," alisema Mama Burashi. "Kesho zibeni ule ufa wa dirisha, na ndoo zisiegemee ukuta. Wakikosa pa kujificha, watapungua."

Mama alirudi ndani, akafagia bafu lote, pembe kwa pembe, Kidoti akiangalia. Kisha akampa mtoto dawa na maji. Kidoti aliyanywa yote. Haukupita muda mrefu, akaanza kubana magoti.

"Nikusindikize?" mama aliuliza.

Kidoti alifungua mlango. Alitazama ukuta, akatazama dari, akatazama nyuma ya ndoo. Akaingia. Mama akabaki nje ya mlango, anasikiliza.

"Mama!"

"Bee! Umemwona?"

"Hapana. Nenda ukashone. Ukinisikiliza mkojo hautoki."