Saladi Isiyo na Matundu

Farasi ndiye aliyeanza yote. Asubuhi ile soko la Thiaroye, pembeni mwa jiji la Dakar, lilikuwa limefurika, hapana hata pa kutia mguu. Mikokoteni, mabeseni ya samaki wakavu, wanawake wenye vikapu vichwani, na kila mtu anampigia mwenzake kelele asogee na hakuna anayesogea. Mkokoteni mmoja uliobeba mnanaa ukakwama mbele ya meza ya Daba Diop. Farasi akangoja kwa adabu kidogo, kisha akanyoosha shingo na kung'ata fungu zima la saladi.

"We! We mwenye farasi! Mnyama wako anakula mtaji wangu!"

Kijana mrefu, fulana imepauka na kofia ya sufu kichwani, aliruka chini akamshika farasi taya. Akamtia vidole mdomoni akaanza kuichomoa saladi jani kwa jani, akihangaika mpaka jasho likamtoka. Daba alimtazama akasema moyoni, huyu ana staha, anajali mali ya mwenzake. Hapo alikosea, lakini tutafika.

"Sasa unanirudishia iliyotafunwa?"

"Samahani, dada. Ukoo gani?"

"Diop."

Uso wa kijana ukachangamka. "Diop! Ndiyo maana farasi amesimama hapa, amenusa wenzake wenye njaa. Mimi Ndiaye."

"Loh, Ndiaye! Siku yangu imeharibika mapema hivi. Kumbe anayekula vya watu si farasi peke yake."

"Mtumwa wangu anathubutu kunijibu?"

"Mtumwa wewe! Babu yako alikuwa akimbebea babu yangu viatu, na kimoja alikiiba."

Wauza vitunguu wa jirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Diop na Ndiaye ni watani tangu enzi za wafalme. Wakikutana, hata mazikoni, lazima watukanane, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Kijana akamwachia Daba mafungu ya mnanaa kulipia saladi iliyoliwa, akamwachia na namba yake ya simu. Jina lake Birane.

Jioni hiyo hiyo Daba akapiga.

"Haloo, mwizi wa viatu?"

"Haloo, mla wali. Nilijua utapiga. Diop akipewa kitu cha bure hulala mlangoni."

"Nimepiga kukwambia mnanaa wako ni mzuri. Basi. Nakata."

Hakukata. Waliongea mpaka betri ya simu ikazima.

Birane alilima katika bonde la Pikine, pale nyumba za matofali zinapokoma ghafla na kuanza matuta ya kijani, katikati ya michikichi na visima vifupi vya mchanga. Kwa bonde hilo baba yake alijenga nyumba, akasomesha watoto na kuoza mabinti. Nusu ya mtaa ilikula kwa jembe lile: wakataji, wabebaji, wenye mikokoteni, wachuuzi. Na jiji zima la Dakar, likiwa na harusi au mtoto wa kupewa jina, huweka nyama yake juu ya majani yaliyotoka pale.

Daba akaanza kununua kwake. Kazi ile ina desturi yake: mchuuzi hununua tuta likiwa bado ardhini. Hulizunguka, huinama, hugeuza majani, hutaja bei, na siku ya kukata huja mwenyewe na kisu. Katika ukaguzi huo Daba hakuwa na mpinzani wala huruma. Tundu moja la kiwavi, bei inashuka. Matundu matatu, anamwachia mkulima tuta lake. Wateja wake walikuwa wapishi wa mahoteli na akina mama wa mjini, na sifa yake sokoni ilikuwa hiyo moja: saladi ya Daba haina tundu.

Tuta la kwanza la Birane alilikataa lote.

"Mpenzi, hili limeliwa."

"Viwavi nao wana watoto, Daba."

"Wakawalishe kwingine. Mapenzi ni mapenzi, mzigo ni mzigo. Nikipeleka hii hotelini nimekwisha."

Birane alicheka, akainua makeni yake ya kumwagilia akaenda zake. Tangu siku hiyo matuta yake yakawa yanang'aa, Daba akijivunia kwamba amemfundisha mwanaume kazi. Kitu kimoja tu kilimshangaza.

"Mbona visima vyako vimenyamaza? Kwa bibi yangu vyura wanapiga kelele mpaka hamsikilizani."

"Walipanda mitumbwi kama vijana wa hapa, wakaenda Hispania."

"Mjinga wewe."

"Na saladi naitia sumu, ili ukoo wa Diop uishe nipumzike."

Daba alimchapa kwa ncha ya kilemba chake na kucheka, naye akacheka. Yalikuwa maneno ya watani, na maneno ya watani hayawekwi moyoni.

Dada yake Daba, Ngoné, alipojifungua, siku ya kumpa mtoto jina, Birane alialikwa ili wajomba wamwone. Daba alivaa gauni la bazini ya zambarau iliyotiwa wanga ikawa inachakacha kila anapopiga hatua. Chini yake shanga za kiunoni zililia kidogo kidogo, na udi alijifukizia tangu alfajiri. Alipopita, Birane alisahau alichokuwa akimwambia mjomba mkubwa. Kila mtu aliliona hilo na kila mtu alilifurahia.

Likaja sinia kubwa, nyama ya kondoo imelala juu ya saladi, saladi ya Birane aliyoikata Daba kwa mkono wake. Wanaume wakalizunguka. Daba, akiwa mlangoni na jagi la maji, akamwona mpenzi wake akila nyama, akila mkate, akila vitunguu. Jani likimjia, analisukuma kwa kidole upande wa jirani yake. Likarudi, akalisukuma tena.

"Birane," aliita kwa sauti ya kawaida, "huli saladi?"

"Ndiaye hali majani. Mimi si mbuzi, wala si Diop."

"Nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Nimeitia sumu. Nangoja mjomba adondoke nirithi kiti chake."

Wajomba wakaangua kicheko. Mmoja akajaza majani mdomoni kwa makusudi, akajifanya anazimia. Daba naye alicheka, kwa meno tu.

Muda huo huo wakamletea Ngoné sahani yake pale mkekani alipokuwa akinyonyesha. Nyama ilikuwa haimpendezi, alitaka majani tu na ndimu. Alipoliinua la kwanza, Birane akanyanyuka. Aliruka miguu ya wajomba, akafika, akamchukulia sahani mkononi.

"Ina nzi, dada," alisema. "Ngoja wakuletee nyingine."

Haikuwa na nzi. Daba alikuwa ameisimamia sahani ile mwenyewe.

Usiku ule hakupiga simu wala hakupokea. Asubuhi akaenda bondeni bila kuaga mtu. Alimkuta Birane na bomba la dawa mgongoni, kitambaa mdomoni, akilipulizia tuta ambalo yeye Daba alipaswa kulikata kesho yake. Kando ya kisima zilirundikana chupa tupu zenye picha ya pamba.

"Hiyo ni dawa ya pamba," alisema.

Birane akashusha kitambaa. "Ndiyo."

"Pamba watu hawali, Birane!"

"Najua."

"Na kesho nakata! Nimeuzia watu. Nimemlisha mama yangu. Nimemlisha dada yangu tangu ana tumbo kubwa namna hii! Ulikuwa unanitazama tu?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani!"

"Ningekuambiaje? Kila nikitaka kusema, unatoka utani. Nikishausema nalala."

"Unalala!" Sauti yake ilipasuka, mpaka wakulima wa matuta ya jirani wakainua vichwa. "Umechukua kitu kilichowekwa ili watu wapendane ukakifanya kichaka cha kujifichia. Nimecheka, Birane. Umenifanya nicheke."

Birane akalitua bomba. Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Na tuta la kwanza nani alilikataa? Lilikuwa safi lile, halijapigwa kitu. Mdudu alikuwa amelila akaenda zake mzima. Ukaniambia limeliwa. Nililitupia mbuzi lote, na mama yangu alikuwa anangoja dawa zake za presha. Wewe ndiye uliyenionyesha saladi unayoitaka."

"Usinitupie mimi."

"Nimtupie nani? Watu wote wa bonde hili wanamlimia mtu asiyetaka tundu."

Daba akajifunga kilemba upya, kwa nguvu.

"Kuanzia leo mimi na wewe hatutaniani. Ukiniona sokoni nisalimie kama unavyosalimia watu baki."

Kwa watani hakuna kauli nzito kupita hiyo. Birane aliipokea amesimama.

Siku zilizofuata zilikuwa za karaha tupu. Daba alizunguka bonde zima akiuliza wakulima swali moja: "Unakula saladi yako?" Wakacheka. Mzee mmoja akamwonyesha matuta mawili ya pembeni, yenye majani yaliyotoboka toboka. "Yale ni ya nyumbani," alisema bila haya. Daba akatamani kupiga mtu. Alimwomba amuuzie yale. Mzee akamtazama usoni kwanza kuona kama ana homa.

Akayapeleka sokoni. Mpishi wa hoteli, mteja wake wa miaka mingi, aliinua jani moja, akalitazama juani kupitia matundu yake.

"Daba, mpenzi, hii imeliwa."

"Haina dawa. Ndiyo maana."

"Wageni wangu hawali dawa, wanakula kwa macho." Akalisukuma jani pembeni kwa kidole kimoja, sawasawa na Birane pale kwenye sinia, akavuka kwenda meza ya jirani.

Daba alibaki amelitazama lile jani. Yalikuwa maneno yake yale, mpaka lile "mpenzi." Alijichukia, akamchukia mpishi, akamchukia Birane kwa kuwa alisema kweli, na zaidi ya yote akawa na hamu naye. Simu yake iliita jioni ile. Akalitazama jina mpaka likazimika, kisha akalia kwa hasira kwa sababu simu haikuita tena.

Birane alikuja mwenyewe, mwezi ulipokuwa unaandama, na gunia begani. Alilitua mbele ya meza. Hakusema Diop, hakusema mla wali.

"Habari za asubuhi, dada Daba."

Salamu ile ya watu baki ilimchoma. "Nzuri. Unataka nini?"

"Dawa ya pamba nimeacha. Napiga maji ya mwarobaini, na viwavi nawatoa kwa mkono. Nusu ya matuta imeliwa. Hii ndiyo iliyobaki." Akafungua gunia. Majani yalikuwa chekeche. "Nilikuwa naogopa kukukosa, nikawa nawalisha watu nisichokula. Hata siku ile ya farasi, saladi ya mezani kwako ilitoka bondeni kwetu, imepigwa dawa. Farasi ni wa kukodi, nikaogopa atakufa. Farasi nilimwokoa. Watu sikuwaokoa. Nasema bila utani."

Akachukua jani, hajaliosha hata, akalitia mdomoni akatafuna mpaka mwisho huku wauza vitunguu wakimtazama. Daba akalitwaa jingine akala. Lilikuwa gumu na chungu kidogo.

"Na mimi nilikosa," alisema. Ilimchukua nguvu. "Tuta lile la kwanza. Nilikosa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo acha gunia. Nitajaribu."

"Sikuulizii gunia."

Daba akapanga majani mezani, polepole, apate muda. "Vyura wako wakirudi kutoka Hispania," alisema hatimaye, "ndipo uje unipose, na wazee wako na kokwa za kola. Sitaki maneno tena. Kisima ndicho kitaniambia kama sumu imekwisha."

Ningependa kusema jiji lilielewa. Halikuelewa. Daba alisimama nyuma ya meza ile akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Kiwavi amekula hajafa, nawe hutakufa! Njooni!" Wengine walicheka wakanunua. Wengi walicheka wakapita. Mpishi wa hoteli hakurudi. Bazini ya zambarau aliiuza, na kila alipomwona mwanamke akigeuza jani na kukunja pua alitaka kumrushia gunia. Bondeni nako Birane alikuwa mmoja kati ya wengi. Upepo ukivuma ulimletea harufu ya mabomba ya jirani zake. Wakipigiana simu waliongea habari za viwavi, kwa upole na adabu, na adabu ile iliwatesa wote wawili.

Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa nzima. Asubuhi yake Daba alikuwa kitandani akijifunga kilemba cha kwenda sokoni, simu ikaita.

"Usiseme kitu," alisema Birane akihema. "Sikiliza."

Ukapita mkwaruzo wa simu, na upepo. Kisha, kwa mbali, kama sauti iliyotoka ndani ya mtungi, kitu kikakoroma. Kikanyamaza. Kikakoroma tena.

"Yuko wapi?"

"Kisimani. Nimelala kifudifudi, simu naining'iniza. Ikitumbukia utaninunulia."

"Ni mmoja tu?"

"Mmoja."

"Anasema nini?"

Tangu siku ile ya bomba Birane hakuwa amethubutu kutania. "Anasema polisi wa Hispania wamemrudisha. Wanasema ana njaa sana, lazima ni Diop."

Daba akauma ncha ya kilemba. Chura mmoja, bonde zima linapiga dawa, na leo tena atakwenda kusimama nyuma ya majani yenye matundu. Kisimani yule kiumbe akakoroma kwa mara nyingine, kwa bidii, bila wa kumjibu.

"Waambie wazee waje," alisema. "Na kola iwe nyingi. Sisi akina Diop tunakula."