Shuka la Arobaini na Moja

Mashuka yalikuwa arobaini na moja, na jioni iliyotangulia alikuwa ameyafungia yakiwa arobaini kamili. Mama Pacha akahesabu tena. Mtu mwingine angeshukuru, maana hospitali ile mashuka yalipotea tu, hayakuongezeka. Lakini yeye alikuwa na miezi saba akitunza stoo ya nguo za wodi, funguo zikining'inia shingoni mwake mchana kutwa, na alijua hakuna mwingine mwenye kuufungua mlango ule. Shuka la juu lilikuwa limepigwa pasi na kukunjwa vizuri kuliko yote. Alipoligusa, lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi.

Akajikaza, akalipeleka wodini pamoja na mengine. Angefanya nini? Barua ya kuomba ushauri kuhusu shuka lenye joto ingeandikwa vipi?

Saa sita mchana muuguzi wa wodi ya wanawake akaja mbio, amelishika shuka kwa ncha za vidole.

"Mama Pacha, umenipa nini leo? Mgonjwa wangu analia. Anasema kuna mwanamke amelala naye humu, ananuka nywele mbichi, anamuuliza zamu yake inaisha lini."

"Homa hiyo, dada."

"Homa ina vidole?"

Akalikunjua. Katikati ya shuka palikuwa na alama za mikono miwili, zimelowa, na kila walipozitazama zilikuwa hazikauki.

Tangu siku hiyo haikupita asubuhi bila la arobaini na moja. Alilitenga, likajichanganya na wenzake. Alilichoma moto nyuma ya jiko, kesho yake akalikuta juu ya rafu, lina joto lile lile. Kisha zikaanza hesabu. Akisema moja, nyuma ya rafu mtu ananong'ona moja. Akisema mbili, mbili. Na akinyamaza ghafla, sauti ile inasonga mbele peke yake, tatu, nne, tano, bila haraka.

Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mwanamke wa kuamini sabuni na karatasi tu. Alama za mikono aliziita uchafu. Akatoa barua ya onyo, kisha ya pili.

"Ya tatu ni ya kukufukuza," alisema. "Kama unaona kazi imekushinda, andika mwenyewe uondoke kwa heshima."

Mume wa Mama Pacha, fundi rangi, aliruka juu aliposikia.

"Ng'o! Usiache kazi kwa mkono wako. Ngoja wakufukuze, tudai haki zako. Ukiandika mwenyewe umejimaliza."

"Na hicho kilichomo mle ndani?"

"Mle ndani kuna mashuka, mke wangu."

Alisema hivyo kwa kiburi kabisa, lakini sare ya mkewe alianza kuianika nje, mbali na chumba wanamolala pacha wao wa miaka minne.

Muuguzi ndiye aliyemtafutia mganga. Mganga mwenyewe alikuwa fundi redio, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alikuja saa ya kuona wagonjwa, bisibisi mkononi, akijifanya ameitwa kutazama feni ya stoo. Mama Pacha akafunga mlango nyuma yao. Wakasimama kati ya rafu, jua limejaa dirishani na sauti za watu wanaowasalimia wagonjwa wao zikisikika uani, na bado baridi ikawapanda kutoka sakafuni, harufu ya nywele mbichi ikazidi mpaka ikawakaa kooni, na kule nyuma kabisa, mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kusimama mtoto, mtu akaanza kuhesabu, akawafikia wao, akasema arobaini na mbili, arobaini na tatu.

Fundi akamvuta nje kwa mkono.

"Nani alikupa funguo hizi?" alinong'ona.

"Bibi aliyekuwepo kabla yangu. Aliacha kazi mwenyewe."

"Siku ya kukuaga alisemaje?"

Mama Pacha akakumbuka. Yule bibi alimshika mkono kwa muda mrefu, machozi yakimlenga. "Alisema, nisamehe mwanangu."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia nimeshakusamehe. Si ndivyo watu wanavyoagana?"

Fundi akavua miwani, akajifuta uso. "Ulimpokea kwa roho safi. Jini huyu hafukuziki, hukabidhiwa. Ukiacha kazi kwa kuaga, atabaki na yule atakayepokea funguo. Ukifukuzwa, mmetupwa nje wote wawili. Na mtu akitupwa nje huenda wapi?"

"Nyumbani," Mama Pacha alisema, akamshika fundi mkono.

"Huwezi kumtoa, baba?" alimsihi.

"Redio naziweza. Huyu amenishinda."

Akakusanya bisibisi zake, akaondoka bila kuaga.

Basi aliandika barua ya kuacha kazi usiku huo huo. Hakulala. Aliwatazama pacha wake wakikoroma, akaona amepata njia: apokee mwingine, yeyote, mtu asiyemjua. Asubuhi metroni akamwonjesha habari njema.

"Ukiandika, nafasi haitatoka kwenu. Mdogo wako ameleta maombi. Nakupa mpaka Ijumaa."

Mdogo wake! Binti aliyemlea mwenyewe, sasa ana mimba ya miezi sita. Mchana akapiga simu kwa furaha: "Dada, usiniangushe. Nitazishika hizo funguo vizuri kuliko wewe!"

Mama Pacha akakata simu. Aliona aibu kubwa, maana kwa dakika nzima moyoni alikuwa amekubali kumpa. Siku tatu alitembea na barua kifuani, akiitoa na kuirudisha, asubuhi akiapa ataiwasilisha, jioni akiapa ataichana, na kila alipoitoa mle stoo, sauti ilimuuliza kwa upole zamu yake inaisha lini.

Ijumaa aliichana. Akaenda kumpigia metroni magoti.

"Siachi kazi, mama. Wala usinifukuze. Nitafanya hata zamu mbili, nitakaa hapa mpaka nizeeke."

"Umechelewa. Asubuhi mgonjwa amevunjika nyonga akilikimbia shuka lako. Barua yako ya kufukuzwa imeondoka na dereva saa nne, imeshafika kwa mumeo. Acha funguo."

Kabla ya kuziacha alikwenda kufungua stoo. Akahesabu, hakuna aliyehesabu naye. Arobaini, yote ya baridi. Chumba kilinuka sabuni tu.

Akakimbia hadi kwake, kandambili moja ikabaki njiani.

Mumewe alikuwa barazani, bahasha wazi mkononi. Alishangaa kumwona.

"Umetokea wapi tena? Si umeingia sasa hivi? Umenipita na nywele zako mbichi, hata salamu hukutoa. Umesema unakwenda kulala na watoto."

Mama Pacha akausukuma mlango wa chumba. Pacha walikuwa kitandani, kimya, wamefunikwa mpaka utosini kwa shuka jeupe lililopigwa pasi, muhuri wa hospitali pembeni. Chini, nyayo zimetokeza. Akahesabu, kama alivyozoea.

Zilikuwa sita, na mbili za katikati zilikuwa zimelowa.