Tundu la Nne la Buick

Saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya pili ya Novemba, nilitoka nyumbani kwenda kununua gundi.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikwenda kutafuta jambo lolote la giza. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka, nyepesi kama unga, na duka la Verlin la vifaa vya magari ya mfano hufungwa saa kumi na mbili.

Jina langu ni Elbert Tunstall. Nilipaka magari ya Buick rangi kiwandani, hapa mjini Flint, miaka thelathini na mmoja. Kanisani ni shemasi. Mke wangu Ozella alifariki mwezi wa Agosti, na tangu hapo nimekuwa mtu asiyeweza kukaa. Nakaa, nainuka. Nafungua jokofu, nalifunga. Naomba, na katikati ya maombi nasahau nilikuwa namwombea nani.

Ozella alitengeneza magari ya mfano. Si ya kuchezea. Waamuzi wa maonyesho yetu ya vigari hupiga magoti, wakaingiza tochi na kioo kidogo chini ya gari la urefu wa shibiri moja, wakahesabu nati. Yeye aliwapenda kwa hilo. Alichonga vitasa kwa pini za kushonea, akasuka nyaya za injini kwa uzi.

Kigari chake cha mwisho kilikuwa Buick Roadmaster ya mwaka 1953, gari la marehemu baba yake. Kijani iliyokolea, paa rangi ya maziwa. Boneti yake ilifunguka kutokea kushoto au kulia, upendavyo, kama ile yenyewe. Meno ya wavu wa mbele aliyapachika moja moja kwa kibano. Kilikuwa karibu kimekamilika.

Lakini kilikuwa na kosa.

Kila mtu Flint anajua habari ya matundu ya Buick. Yale matundu ya duara yenye pete za kung'aa, yaliyopangwa kwenye madigadi za mbele. Mwaka ule Buick ndogo zilikuwa na matatu kila upande. Roadmaster ilikuwa na manne. Kwenye kigari cha mfano kila tundu ni kijipete kinachonunuliwa na kubandikwa. Mtoto wa hapa hulijua hilo kabla hajajua kusoma. Na Ozella alikuwa ameweka manne kushoto, na matatu kulia.

Nilijiambia ni ugonjwa. Mikono yake ilitetemeka sana mwishoni. Kesho yake, Jumamosi, kigari kile kingewekwa mezani kwenye maonyesho, mbele ya watu mia mbili, kwa jina lake, na sikutaka mtu yeyote amcheke mke wangu akiwa kaburini.

Verlin alikuwa akifagia nilipoingia.

"Shemasi! Nilidhani umeoa tena, hukuonekani."

"Nataka gundi ya kukauka haraka," nikasema. "Na tundu moja la Roadmaster, kama lipo."

Akaacha kufagia.

"Moja?"

"Upande wa kulia amesahau moja."

"Ozella? Asahau?" Verlin akacheka, halafu akaona sicheki. "Mzee, mkeo ndiye aliyenifundisha mimi kuhesabu hayo matundu. Aliwahi kumtoa mwamuzi machozi hapa kwa sababu ya pete ya kioo cha pembeni."

"Alikuwa mgonjwa, Verlin."

Akavuta droo, akachakura kwenye visanduku. Alichukua muda mrefu.

"Nilimpa manane," akasema bila kuniangalia. "Akarudisha moja. Akasema hili halina mahali." Akaliweka kwenye kiganja changu. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. "Ndilo hili. Sijui, Shemasi. Mimi ningemuuliza kwanza."

"Nimuulize wapi?"

Akarudi kwenye fagio lake.

Nilifika nyumbani kabla giza halijashika sawasawa. Niliwasha taa ya meza. Nikapima, nikatoboa madigadi ya kulia kwa kekee ndogo ya mkono, taratibu, nikipuliza vumbi. Tone la gundi kwenye ncha ya sindano. Nikaliweka tundu la nne, nikalishikilia hadi hesabu ya thelathini.

Likakaa. Zuri. Manne na manne.

Nikasema kwa sauti, "Haya mama, sasa limetimia."

Tik.

Nilidhani ni saa ya ukutani.

Tik... tik... tik.

Ilikuwa sauti ya chuma kinachopoa. Kila aliyefanya kazi na magari anaijua. Ni injini iliyotoka kuzimwa. Nilinyoosha kidole, nikagusa boneti ile ya plastiki.

Ilikuwa ya moto.

Halafu harufu ikaja. Petroli kwanza. Nyuma ya petroli kulikuwa na sufu iliyolowa, na maji ya ziwa, yale ya chini, yenye matope na samaki. Vioo vya kigari vilikuwa vimepata ukungu. Ukungu ule ulikuwa ndani. Na kwenye matundu yale, ambayo kwenye gari lenyewe hayana kazi yoyote ila pambo, kulikuwa kukitoka mvuke, nyuzi nane nyembamba, kama pumzi ya mtu kwenye baridi.

Nilirudi nyuma hadi ukutani.

Ndipo nikasikia gari nje.

Buick ya miaka ile huiwashi kwa ufunguo peke yake. Unafungua swichi, kisha unakanyaga mafuta hadi chini, na injini inaamka chini ya mguu wako. Nilisikia kanyagio likishuka. Nikasikia injini ikikohoa mbali, mwisho wa mtaa, ikashika. Ikaja. Haikubadilisha gia. Zile hazirukiruki, zinateleza tu kama kitu kinachovutwa kwa kamba. Ikasimama mbele ya nyumba yangu.

Nikasogeza pazia.

Hapakuwa na gari.

Theluji ilikuwa inaanguka mtaa mzima, kwenye uzio, kwenye paa la jirani. Ila pale kwenye njia yangu ya gari haikufika chini. Iliishia hewani na kuteleza pembeni, na mahali ilipoteleza palikuwa na umbo. Boneti. Paa. Mgongo mrefu wa nyuma.

Honi ikalia mara mbili. Fupi, fupi.

Simu ya jikoni ikaita wakati uleule, na mimi shemasi nikapiga kelele kama mtoto.

Alikuwa Arletha, dada mkubwa wa Ozella.

"Shemeji, kesho unanipitia saa ngapi? Na tafadhali usije na lile koti la mazishi. Watu watadhani nimekufa mimi."

"Arletha..."

"Nini? Mbona unahema hivyo?"

Honi ikalia tena. Mara mbili.

Nilisikia televisheni ya Arletha, halafu nikaisikia ikizimwa.

"Nani anapiga honi hapo kwako?"

"Hakuna mtu. Naona... hakuna mtu, Arletha."

"Umekigusa kigari cha Ozella?"

"Nilirekebisha tu. Alikuwa amekosea matundu."

"Ee Yesu." Sauti yake ikashuka hadi kuwa mnong'ono. "Hakukosea. Wewe na usahihi wako! Hakukosea, Elbert. Aliacha."

Akanieleza haraka, maneno yakipandana. Februari ya mwaka 1955 baba yao, Cephus Ragland, alikwenda na Ozella kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa, Ghuba ya Saginaw. Ozella alikuwa na miaka saba. Baba akamwacha nyumbani kwa rafiki ufukweni, akamkalisha dirishani, akamwambia: nikipiga honi mara mbili, toka mbio. Kisha akaendesha gari lile zito juu ya barafu, na barafu haikulibeba. Walilitoa wakati wa masika. Milango imefungwa. Vioo vimepandishwa. Ndani hamna mtu.

"Hatujapata hata kiatu," Arletha akasema. "Na bibi yetu Tempie, aliyetoka Alabama na mambo yake, akatukataza. Gari la mtu aliyepotea, hata ukilichora kwenye karatasi, usilikamilishe. Acha kitu kimoja kiwe cha uongo, asilitambue. Akilitambua ataingia, na akiingia ataendelea na safari aliyokatizwa."

"Safari gani?"

"Kumchukua Ozella, wewe! Litoe hilo tundu. Sasa hivi!"

Niliiacha simu ikining'inia. Nikashika kisu changu chembamba, nikainamia meza.

Na hapa nasema ukweli, kwa maana nimeshaungama kwa Mungu na sioni sababu ya kuwaficha watu.

Ukungu wa kioo cha nyuma ulikuwa umefutwa. Doa dogo tu, la duara, kama mtu aliyefuta kwa mkono wa sweta. Na ndani ya doa, kwenye kiti ambacho Ozella mwenyewe alikishona kwa kitambaa, kulikuwa na kitu cheupe. Kidogo kuliko punje ya mchele.

Kofia.

Kofia nyeupe ya akina mama wa kanisa. Tulimzika nayo. Niliirekebisha mwenyewe, kwa mikono hii, kabla hawajafunga jeneza.

Ikasogea. Ikageuka kunitazama.

Kisu kilikuwa kwenye ukingo wa tundu. Sikubonyeza.

Miezi mitatu nilikuwa nimelilia kumwona kwa dakika moja. Na sasa alikuwa pale, chini ya taa yangu, umbali wa kiganja tu kutoka kwenye jicho langu. Nikijua vizuri kwamba nikilitoa tundu ataondoka. Nikijua vizuri aliyekuwa nje amekuja kumpeleka wapi.

Nikasema moyoni, kidogo tu. Nimwangalie kidogo tu.

Hatua barazani. Nzito, zenye maji. Chwa... chwa...

Kitasa hakikuguswa. Sauti ilitoka chini, kwenye upenyo wa mlango, na ilikuwa ya upole. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ilikuwa sauti ya mzazi aliyechoka.

"Samahani kwa kuchelewa, mwanangu. Mwite Ozella."

Maji yalianza kuingia chini ya mlango, meusi, na kipande kimoja chembamba cha barafu kikielea.

"Alikuwa hapo dirishani. Mwambie nimefika."

"Baba mkwe," nikasema. Sikuwahi kumwita mtu hivyo maishani mwangu. "Mzee wangu... Ozella ameshachukuliwa. Amechukuliwa na Mwenyewe aliyemuumba. Nenda kwa amani."

Maji yakazidi kuingia.

"Nilimwambia asitoke hapo," ile sauti ikanong'ona. "Ni mtoto. Ataogopa."

Honi ikalia. Mara ya tatu. Mtu yule bado alikuwa mlangoni, na honi ikalia.

Kwenye kigari, kofia nyeupe ikaanza kufifia.

Nikabonyeza. Gundi ilikuwa imeshakauka, tundu halikutoka. Nikabonyeza kwa nguvu zote, nikiita jina la Bwana, na kisu kikapasua madigadi yote ya kulia kuanzia kwenye matundu hadi kwenye taa, kikaishia kwenye kidole gumba changu. Kazi ya miaka miwili. Niliivunja vipande kwa mikono. Niling'oa meno ya mbele. Niliponda paa kwa ngumi nikilia kama niliyepagawa.

Nje, kanyagio likashuka. Injini ikashika, ikateleza hadi mwisho wa mtaa, ikanyamaza.

Harufu ilibaki.

Sikulala. Arletha alifika kulipokucha, kwa teksi, na biblia mkononi. Nilitaka aingie, lakini yeye alisimama kwenye njia ya gari akitazama chini, nami nikatoka.

Theluji ilikuwa imeacha kuanguka jioni ileile, kwa hiyo kila kitu kilisomeka. Mistari miwili ya matairi iliyoingia na kutoka. Nyayo za mwanamume kutoka garini hadi barazani, kila mmoja na barafu ndani yake. Nyayo zake za kurudi.

Na nyingine.

Zilianzia chini ya dirisha la sebule. Hapakuwa na za kufika pale. Zilianza tu. Zilikuwa ndogo, za viatu vya mtoto.

Arletha aliinama polepole, akishikilia goti.

"Kisigino cha kushoto kimelika," akasema. "Mama alikuwa akimgombeza Ozella kila siku kwa hilo."

"Arletha, nilikawia." Nilimwambia lile la kofia. Nilimwambia nilivyoshika kisu bila kubonyeza.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Tazama hatua zilivyoachana," akasema. "Alikuwa anakimbia."

"Anamkimbilia baba yake? Au anaitwa tu na honi?"

"Nitajuaje, shemeji?" Akafuta uso. "Lete mafagio. Majirani wasizione."

Tuliomba kwanza. Nilisoma maneno ya maziko upya, na nilipofika kwenye jina, sikujua nimtaje mama wa kanisa wa miaka sitini na sita au mtoto wa miaka saba. Nilisema Ozella tu. Kisha tukafagia, mimi kutokea dirishani, yeye kutokea barazani, wazee wawili tukisukuma theluji kimya kimya.

Nilifika mahali mlango wa gari ulipokuwa. Nyayo ndogo ziliishia hapo.

Unyayo wa mwisho haukuelekea kwenye gari. Ulikuwa umegeuka, umezama kuliko nyingine zote, kama mtu aliyesimama pale muda mrefu akisubiri. Vidole vilielekea nyumbani kwangu.

Ule sikuweza kuufagia. Nilisimama juu yake na fagio mkononi hadi saa sita mchana, jua lilipouyeyusha.